Rami iliyopungua kwenye seva ya IBM ya POWER7: anza na ASMI (menyu za kuihudumia seva kupitia brauza)

Umeuliza kama AIX (mfumo endeshi wa hiyo seva) ndiyo iliyopunguza rami yako. Hapana mkuu, kushuka kutoka GB 128 hadi 96 si kosa la AIX, ni seva yenyewe imeona hitilafu wakati wa kuwaka ikaizima hiyo rami, kwa hiyo usikimbilie kufungua boksi. Acha kebo za umeme zimechomekwa hata kama imezimwa, savisi prosesa (kompyuta ndogo ndani ya seva inayoisimamia na kuendesha ASMI) inaishi kwa umeme wa standby, yaani unaobaki hata seva ikiwa imezimwa, paneli ya mbele itaonyesha 01. Chomeka laptopu kwenye poti ya mtandao iliyoandikwa HMC1 nyuma ya seva, jipe IP ya 169.254.2.140 na mask 255.255.255.0, halafu kwenye brauza andika https://169.254.2.147, yuza ni admin na paswedi admin kama hakuna aliyezibadilisha.

Ukishaingia nenda System Service Aids, fungua Error/Event Logs, soma location code (kodi ya mahali kilipo) ya kipande cha rami kilichoripotiwa, mwisho wake ndio unakuonyesha soketi yenyewe. Kisha System Configuration, Hardware Deconfiguration, Memory Deconfiguration, ndo utaona kipi kimezimwa.

Nasema hivi kwa sababu nimezihudumia hizi mashine miaka, na kuna sehemu nilikuta fundi kabadilisha rami tatu nzima kwa kubahatisha, ile mbovu kaiacha palepale.

Ila tafadhali usiirudishe tu hiyo rami kuwa Configured (yaani kuiwasha tena) ukaendelea na kazi, kama logi inarudia kosa lilelile badilisha kipande, data za watu zinapita humo.