Laptopu inayoanza upya baada ya hibernate

Ndugu, umesema ukiiweka laptopu yako ya Ubuntu kwenye hibernate (kuhifadhi kazi zilizo kwenye RAM katika diski kisha kuzima) inazima vizuri, lakini ukiiwasha inaanza upya na kazi zote zimepotea. Mara nyingi hapo kerneli (kiini cha mfumo) haijaambiwa isome wapi nakala ya RAM iliyohifadhiwa.

Anza na `swapon --show`. Swap, yaani nafasi ya diski inayohifadhi nakala hiyo, iwe angalau sawa na RAM ili uwe salama. Zram usiihesabu, maana inakaa ndani ya RAM yenyewe na hufutika mashine ikizimika.

Kama swap ni patisheni, chukua UUID (kitambulisho) yake kwa `lsblk -f`, fungua `/etc/default/grub`, ongeza `resume=UUID=...` ndani ya `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha endesha `sudo update-grub` na `sudo update-initramfs -u`. Kama ni faili, hapa ndipo wengi hukwama: UUID inayotakiwa ni ya patisheni inayobeba faili hilo, na lazima uongeze `resume_offset=`. Namba yake utaipata kwa `sudo filefrag -v /swapfile`, mstari wa 0, namba ya kwanza chini ya `physical_offset`, bila zile nukta mbili za mwisho (`..`). Kwenye Btrfs (aina mojawapo ya mfumo wa faili) namba hiyo si sahihi. Tumia `sudo btrfs inspect-internal map-swapfile -r /swapfile`.

Ukiona `cat /sys/power/disk` inajibu `[disabled]`, angalia kwanza Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine), kwani ikiwashwa inaweza kuiweka kerneli katika lockdown, hali ya ulinzi mkali inayozuia hibernate.

Betri kuisha wakati wa suspend (mashine kulala bila kuzimika) ni suala jingine. Soma `/sys/power/mem_sleep`: ikiwa `[s2idle] deep`, yaani inatumia usingizi mwepesi ilhali ule mzito upo, jaribu kuongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye mstari uleule wa GRUB. Kama `deep` haipo kabisa, firmware (programu ya ndani ya mashine yenyewe) haiitoi.