Sindano ya miezi sita ya kuzuia VVU: hiyo sufuri ilipatikana vipi?

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Mimi nina miaka 26, nauza mitumba Gikomba. Mume wangu huendesha lori la masafa marefu na sina uhakika na mambo ya huko barabarani, kwa hiyo nameza tembe za kuzuia virusi vya ukimwi. Nimechoka kuzificha. Sasa kuna sindano inayochomwa mara mbili kwa mwaka, na kila mtu anasema inakinga asilimia mia. Dada wa kliniki ameniambia si chanjo, ni dawa. Kama ni dawa, inakaaje mwilini miezi sita wakati Panadol huisha kwa saa chache tu? Hiyo asilimia mia ni ya kweli ama ni ya matangazo? Na nikiiacha njiani itakuwaje? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Dada yangu, huyo wa kliniki amekuambia sawa. Chanjo huuzoesha mwili kupigana na adui, na mwili ukabaki na ujuzi huo. Lenacapavir, ndiyo dawa iliyo ndani ya sindano hiyo, haiufundishi mwili chochote. Inakulinda kwa muda ule tu imo ndani yako kwa kiwango cha kutosha. Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni kufuatilia dawa zinavyoingia mwilini na zinavyotoka, na maswali yako yote matatu yanajibiwa na jambo hilo moja.

Nianze na asilimia mia. Imetoka kwenye utafiti unaoitwa PURPOSE 1, uliofanywa Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Matokeo yalitangazwa Juni 2024 na kuchapishwa mwezi uliofuata katika jarida la New England Journal of Medicine. Wanawake 5,338 wasiokuwa na virusi waligawanywa kwa kura: 2,134 walipata sindano ya lenacapavir kila baada ya wiki 26, 2,136 walipata tembe ya kila siku iitwayo Descovy, na 1,068 walipata Truvada, ambayo viambato vyake ndivyo vilivyo kwenye tembe za kinga zinazotolewa kliniki zetu. Wote walichomwa sindano na wote walimeza tembe, ila kila mmoja alikuwa na kimoja chenye dawa na kingine kisicho na kitu, bila kujua kipi ni kipi. Hesabu ilipofanywa, kundi la Descovy lilikuwa na maambukizi 39, la Truvada 16, na la sindano hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo namba ni ya kweli. Ila sufuri ya utafiti haina maana ya sufuri ya milele. Watafiti wenyewe waliweka mpaka wa juu: kwa jinsi walivyohesabu, ukiwafuatilia wanawake 1,000 wanaotumia sindano kwa mwaka mzima, bado inawezekana wakaambukizwa hadi wawili hivi. Na utafiti wa pili, PURPOSE 2, uliofanyika katika nchi kadhaa ukiwahusisha zaidi wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume pamoja na watu waliobadili jinsia, ulipata maambukizi mawili kati ya watu 2,179 waliochomwa. Hiyo ni kinga kubwa kupita dawa yoyote ya kuzuia VVU niliyowahi kusoma habari zake. Mimi ningeiita karibu kamili, na ningeacha neno asilimia mia libaki kwenye redio.

Pengine unajiuliza, karibu kamili ukilinganisha na nini? Ni swali la kuuliza kila unaposikia asilimia ya dawa. Zamani wangeweka kundi lisilopata kinga yoyote, waone wangapi wanaambukizwa. Leo hilo haliwezekani, maana tembe zinazozuia zipo na kumnyima mtu ni dhambi ya kitaaluma. Walichofanya ni kuangalia watu 8,094 waliopimwa wakati wa kuandikisha washiriki, na kwa vipimo vinavyotofautisha maambukizi mapya na ya zamani wakakadiria kasi ya kawaida ya maeneo yale: 2.41 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Kundi la Descovy lilipata 2.02. Kundi la Truvada 1.69. Tofauti hizo na kasi ya kawaida ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuziegemea.

Hapa ndipo watu wengi husoma vibaya, wakasema basi tembe hazifanyi kazi. Zinafanya, na ushahidi mwingi wa hilo umetoka hapa kwetu. Utafiti wa Partners PrEP, uliochapishwa 2012, ulifuatilia jozi 4,747 za wanandoa Kenya na Uganda, ikiwemo Nairobi, Thika, Kisumu na Eldoret, ambapo mmoja ana virusi na mwenzake hana. Tembe yenye viambato vya Truvada ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, na kwa wale ambao dawa ilionekana kwenye damu, kwa asilimia 90. Mwaka huohuo ukatoka utafiti mwingine, FEM-PrEP, uliohusisha wanawake wa Bondo pamoja na wenzao wa Tanzania na Afrika Kusini. Tembe ni ileile. Waliopewa dawa walipata maambukizi 33, waliopewa tembe tupu 35. Dawa haikusaidia kitu, na damu ilipochunguzwa, chini ya asilimia 40 ya wanawake walionekana kuwa wamemeza tembe siku za karibuni.

Damu haidanganyi katika jambo hili, na njia ya kuisoma ni nyepesi. Katika PURPOSE 1 walichukua damu ya baadhi ya washiriki, wakaidondosha kwenye kadi nene ya karatasi na kuiacha ikauke. Dawa iliyo kwenye tembe hugeuzwa mwilini na kujikusanya ndani ya chembe nyekundu za damu, na humo hupungua polepole, kwa hiyo doa moja lililokauka linasimulia wiki nyingi za kumeza au kutomeza. Madoa mengi ya makundi ya tembe yalionyesha dawa kidogo, na jinsi miezi ilivyosonga ndivyo ilivyozidi kupungua. Waliokuwa nayo ya kutosha waliambukizwa kwa nadra.

Nikisoma hayo siwaoni wanawake wazembe, na huwa inaniuma mtu akiyasoma hivyo. Mkebe wa tembe hulia ukiutikisa, na unafanana na mikebe ya ARV. Kuna nyumba ambamo mkebe huo ukionekana kitakachofuata ni kipigo, au kufukuzwa. Mwanamke anayeishi na mume wake anaweza kuwa tayari kabisa kumeza kila siku na bado siku zikampita. Unaponiambia umechoka kuzificha, unanieleza kwa maneno yako kile ambacho kadi zile zilionyesha. Sindano imefanya vizuri kiasi kile kwa sababu ni dawa kali, ndiyo, na pia kwa sababu ikishachomwa hakuna cha kuficha wala cha kusahau kwa miezi sita.

Sasa ukali wake. Kirusi cha VVU hubeba maelekezo yake ndani ya ganda lenye umbo la pia, linaloitwa kapsidi, lililojengwa kwa nakala zaidi ya elfu moja za protini moja zilizopangwa kwa pembe sita sita, na tano tano mahali pa kukunja. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba ganda hilo huvunjika mara tu kirusi kikiingia kwenye seli. Miaka ya karibuni, hasa kuanzia 2020, darubini za elektroni zimeonyesha likipita zima mpaka ndani ya kiini cha seli, kule yanakohifadhiwa maelekezo yetu ya urithi, na ndiko linakofunguka. Lenacapavir hujipenyeza kwenye maungio kati ya protini moja na nyingine na kuyakaza kupita kiasi. Ganda likawa gumu pale linapotakiwa kulegea, haliingii kwenye kiini inavyotakiwa, na hata virusi vipya vikiundwa huundwa na maganda mabovu. Inafanya kazi kwa kiwango kidogo mno cha dawa, na hilo ndilo lililofungua mlango wa miezi sita: kama dawa kidogo inatosha, basi inaweza kutolewa kidogo kidogo.

Na inatolewaje? Hapa kazi ni ya wataalamu wa kemia na maumbo ya vitu kuliko ya sisi wa dawa. Lenacapavir karibu haiyeyuki katika maji. Kwa tembe za kawaida hiyo ingekuwa kasoro kubwa, lakini kwa sindano imegeuka kuwa faida. Ndani ya chupa imeyeyushwa kwenye kioevu kizito kinachoitwa polietileni glikoli, na rangi yake ni ya manjano inayoelekea kahawia. Unachomwa sindano mbili za mililita 1.5 kila moja, jumla miligramu 927, chini ya ngozi ya tumbo au paja. Bila shaka umewahi kumimina Dettol kwenye beseni ukaona maji yanageuka meupe: kile kilichokuwa kimeyeyuka kwenye chupa kimekataa maji. Chini ya ngozi hutokea jambo la namna hiyo. Kioevu kinasambaa na kuondoka, majimaji ya mwili yanaingia, dawa inakataa kuyeyuka na kuganda palepale kama akiba. Kutoka hapo inamomonyoka taratibu kuingia kwenye damu, na ini nalo huivunja polepole sana. Panadol hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili au tatu. Lenacapavir iliyochomwa huchukua wiki 8 hadi 12.

Akiba hiyo unaweza kuigusa. Katika PURPOSE 1 asilimia 63.8 ya waliochomwa lenacapavir walipata kivimbe kigumu mahali pa sindano, kisichoonekana sana kwa macho ila kidole kinakisikia. Ni dawa iliyolala pale pamoja na mwili unaoizunguka. Usikikande wala usikikamue. Vivimbe hivyo hupungua vyenyewe, na walioacha sindano kwa sababu ya maudhi ya aina hiyo walikuwa wanne tu.

Kwa kuwa akiba huanza kutoa dawa polepole, sindano peke yake haitoshi siku za mwanzo. Ndiyo maana siku ya kuchomwa unameza tembe mbili za lenacapavir, na kesho yake mbili tena. Hizo za kesho yake utaondoka nazo kliniki, na ni za lazima.

Kabla ya kila sindano utapimwa VVU, na usikubali kuruka kipimo hicho. Wale wawili walioambukizwa kwenye PURPOSE 2 walikutwa na virusi vilivyobadilika kwenye ganda, badiliko linaloitwa N74D, linaloifanya dawa ishindwe kushika pale inapostahili kushika. Dawa moja peke yake haitoshi kumtibu mtu ambaye tayari ana virusi, inavizoesha tu.

Jambo jingine ambalo Nairobi lina uzito wake ni kifua kikuu. Dawa ya TB iitwayo rifampicin hulichochea ini kuivunja lenacapavir haraka, na akiba ya miezi sita ikawa haikutoshi. Ukiwa kwenye dawa za TB, au ukizianza ukiwa umeshachomwa, sema mapema kliniki ili upangiwe dozi za nyongeza. Vivyo hivyo kwa baadhi ya dawa za kifafa. Ukipata mimba usitishike: tofauti na tafiti nyingi, PURPOSE 1 haikuwaondoa waliopata mimba, na mimba zaidi ya 500 zilifuatiliwa bila kuonekana hatari ya pekee inayotokana na sindano. Kaswende, kisonono na mimba yenyewe haizuii, kondomu bado ina kazi yake.

Kuhusu kupatikana kwake: Marekani iliidhinisha Juni 2025, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi uliofuata, na Kenya imo kati ya nchi za mwanzo zilizopangiwa kuipata kupitia Global Fund, ule mfuko wa kimataifa wa kupambana na ukimwi, TB na malaria. Bei ya kule Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Mikataba ya dawa zisizo na jina la kampuni asilia, iliyotangazwa Septemba 2025, inailenga nchi kama yetu kwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Mwanzoni dozi zitakuwa chache, kwa hiyo uliza kliniki yako kama imo kwenye mpango na ukubali kuandikwa jina.

Umeuliza ukiiacha njiani. Sindano haiishi mwilini haraka kama tembe. Inafifia, na mabaki yake yanaweza kuonekana kwenye damu mwaka mzima au zaidi. Kipindi hicho cha kufifia ndicho kinachonisumbua mimi, kwa sababu dawa inakuwa kidogo kiasi cha kutokulinda huku ikitosha kuvifundisha virusi kuikwepa. Sindano ya pili ni wiki ya 26, unaweza kuiwahi au kuichelewa kwa wiki mbili. Ukijua utakuwa ushago na utapitisha hapo, waambie mapema, zipo tembe za kila wiki za kukushikilia mpaka urudi. Ukizidisha wiki 28 bila hizo, unaanza upya kwa kipimo na tembe za siku mbili. Na ukiamua kuachana nayo kabisa wakati mumeo bado yuko barabarani, rudi kwenye tembe za kila siku kabla wiki hizo 28 hazijaisha. Zile ulizo nazo sasa usiziache kwa kuisubiri sindano: meza mpaka asubuhi ya kuchomwa, na siku hiyo mwonyeshe mhudumu mkebe ili ajue umetoka wapi.