Mteja wa lenzi za macho: umwambie nini dirishani

Dada, umeuliza umwambie nini mteja anayekuja kwenye duka lako la dawa hapo Mbale kununua dawa ya maji ya kusafishia lenzi zinazovaliwa juu ya jicho, ilhali foleni ni ndefu. Anza na swali moja: "Jana usiku ulizisafishaje?" Jibu lake litakuonyesha pa kukazia.

Wengi hutumia maji ya bomba, au ya kuchemsha wakiamini ni salama. Hapo usilegeze. Maji ya bomba huweza kuwa na amiba (vijidudu vidogo mno) wanaoshambulia konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na ugonjwa wake hutibiwa kwa miezi na unaweza kupofusha. Lenzi isiguse maji kabisa, hata ya kuoga. Maji ya chumvi ya dukani nayo husuuza tu, hayaui vijidudu. Kikopo cha kuhifadhia lenzi kimwagwe, kijazwe dawa mpya ya kusafishia kila siku (kuongezea juu ya ile ya jana ni ubahili wa hatari), na kibadilishwe kila miezi 3.

Kulala nazo? Hapana.

Kisha muulize dawa anazotumia. Hili wengi wetu hulisahau, na hapa Uganda wagonjwa wa kifua kikuu si wachache: rifampisini, mojawapo ya dawa zao, hugeuza machozi rangi ya machungwa na kutia lenzi laini madoa yasiyotoka.

Akija na jicho jekundu, linalouma na kuogopa mwanga, usimuuzie matone, hasa yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe). Avue lenzi, aende nazo kliniki ya macho siku hiyohiyo.