Maswali na majibu: Skripti za watumiaji ndani ya programu yako

Kila mteja wa programu yetu ya ankara anataka kitu chake. Tuwaruhusu waandike skripti, yaani maelekezo mafupi yanayoendeshwa ndani ya programu yetu?

Ndiyo, kama maombi yao yanatofautiana. Anayetaka punguzo lenye masharti yake ataliandika kwa mistari michache, na wengine hawatabebeshwa kitufe wasichokihitaji. Lakini wote wakiomba jambo lilelile, litengenezeni nyinyi. Si haki kumtwika mteja kazi yenu.

Nitunge lugha yangu ndogo?

Hapana. Leo watadai masharti, kesho vitanzi (amri za kurudiarudia kazi), keshokutwa ujumbe wa makosa unaoeleweka, na utakuwa mtunza lugha. Tumia lugha iliyokwisha kuwepo, kama Lua: ilibuniwa Brazili mwaka 1993 na ni nyepesi kupachika ndani ya programu nyingine. Nyongeza za mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft huandikwa kwa Lua.

Skripti ikifuta faili, au ikizunguka bila kukoma?

Hapa ndipo penye kazi hasa. Wengi huipa skripti kila kitu, kisha huanza kuondoa hatari mojamoja, na daima moja husahaulika. Anza na mazingira matupu, halafu ongeza amri ulizoziridhia tu: soma ankara, badilisha jumla, onyesha ujumbe.

Katika Lua, usipakie maktaba za io na os, zinazogusa faili na mfumo wa kompyuta. Pokea skripti za maandishi pekee, kwa sababu msimbo uliokwisha kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine ya Lua ukichezewa unaweza kuiangusha programu nzima. Weka kikomo cha kumbukumbu, na hesabu ya maagizo ambayo ikifika ukomo skripti inasimamishwa. Jihadhari: hesabu hiyo haioni muda unaopotea ndani ya maktaba zilizoandikwa kwa lugha ya C, kwa mfano utafutaji wa ruwaza ngumu kwenye maandishi marefu.

Ukichagua lugha ya Python, usijidanganye kwamba kuficha amri chache kunatosha. Mwandishi mjuzi atapenya kutoka kitu kimoja hadi kingine mpaka aufikie mfumo. Iendeshe katika mchakato wa pembeni wenye ruhusa finyu.

Kila tukitoa toleo jipya, skripti za wateja zinavunjika.

Bila shaka zinashika viungo vya ndani vya programu. Kivinjari cha Firefox kiliteseka hivyo kwa miaka: nyongeza zake za zamani ziliweza kugusa karibu kila kitu, hivyo kukikarabati kulizivunja. Novemba 2017, toleo la 57 liliuacha mfumo huo, na nyongeza nyingi zilizopendwa hazikuvuka. Wenye kuzitegemea waliumia, na ninawaelewa.

Kwa hiyo tangaza amri chache, na uzitunze kama ahadi. Inayostaafu iendelee kufanya kazi huku ikitoa onyo, angalau kwa matoleo mawili. Tena andika baadhi ya vipengele vyako mwenyewe kwa amri hizohizo. Zikiwa na kasoro, utaigundua kabla ya mteja.

Watumiane skripti wao kwa wao?

Wacha watumiane, ndipo faida inapoonekana. Ila skripti ya mtu mwingine isijiendeshe faili inapofunguliwa. Mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilienea kupitia makro za Word (skripti zilizomo ndani ya faili zake), na ilifika 2022 ndipo Microsoft ikaanza kuzuia, bila mtumiaji kuomba, makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Onyesha skripti inataka kugusa nini, na ruhusa itolewe kwa hiyo moja, si kwa zote zitakazofuata.