Fundi Ajibu: Je, Hii ni 090 Kweli?

Nimenunua chensoo (msumeno wa injini) kuukuu ya kampuni ya Stihl kwa mtu aliyekuwa akipasua mbao. Nembo inasema 090, lakini fundi mmoja hapa kwetu anasema ni 070 iliyobandikwa nembo. Nitajuaje bila kubahatisha? (Msomaji, Mafinga)

Fundi wako ana sababu ya kutilia shaka. 070 na 090 ni ndugu wa ukoo mmoja, uliotokana na Contra, chensoo ya Stihl ya mwaka 1959, na kwa nje zinafanana mno. Nembo ni kitu cha kubandika tu, kwa hiyo iache. Kitakachokupa jibu ni silinda.

Mashine zote mbili zina mwendo wa pistoni wa mm 40. Tofauti ni kipenyo: 070 ni mm 58, yaani cc 106, na 090 ni mm 66, yaani cc 137. Fungua silinda, pima sehemu ya juu ya tundu kwa venia kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), juu ya milango ya hewa ambako hapajalika. Milimita nane si tofauti ya kubishania. Ukishaifungua, weka gasketi (kizibo cha kati ya vyuma viwili) mpya ya chini. Ya zamani ikirudishwa huvuja.

Soma pia namba za vipuri zilizochongwa au kumiminwa kwenye chuma na plastiki. Namba kamili ya Stihl ina tarakimu 11. Nne za mwanzo ni familia ya mashine ambayo kipuri kilitengenezewa kwanza: 1106 ni 070 na 090, 1110 ni 041, 1111 ni 051 na 076, 1115 ni 056. Tatu zinazofuata ni aina ya kipuri: 020 silinda na krankikesi (kasha la kranki), 030 kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na pistoni, 120 kabureta, 400 mfumo wa umeme. Lakini usiamue kwa kipuri kimoja. Kiwanda hutumia kipuri kilekile kwenye mashine kadhaa, na mafundi nao wamekuwa wakihamisha vipuri miaka yote hii. Soma vitano au sita, kisha uone vingi vinasema nini. Ukikuta krankikesi haina namba ya mashine iliyogongwa, au pameparuliwa mahali pake, mwulize muuzaji vizuri: nakala za 070 ni nyingi sana sokoni.

Hata ikithibitika kuwa ni 070, hujapata hasara kubwa. Kwa anayekusanya mashine za kazi, 070 iliyo kamili na vipuri vyake vya asili ina thamani kuliko 090 ya kuungaunga.

Chensoo yangu ya miaka ya sabini inawaka vizuri. Ikishapata moto, sailensa (mzunguko wa injini bila kubonyeza mafuta) inapanda yenyewe na mlio unakuwa mkali. Nimesafisha kabureta, nimebadilisha diaframu, hali ni ileile. Niendelee kuitumia huku nikitafuta tatizo? (Fundi wa mbao, Njombe)

Hapana. Izime leo, usiiwashe tena mpaka umepata chanzo. Dalili hizo ni za hewa inayoingia mahali pasipotakiwa. Hewa ikizidi, petroli inapungua, na kwenye injini hizi oili imo ndani ya petroli. Pistoni inakosa ulainisho huku joto linapanda, na baada ya dakika chache inajikwangua upande wa egzosi.

Mshukiwa wa kwanza ni oili sili (mipira ya kuzuia uvujaji) mbili za kranki, moja nyuma ya flaiwili (gurudumu zito la injini) na nyingine nyuma ya klachi. Mpira wa miaka hamsini umekuwa mgumu kama kucha. Ukiwa baridi unashika kidogo, ukipata moto unaachia, ndiyo maana mashine inakudanganya asubuhi. Baada ya hapo angalia mpira au gasketi kati ya kabureta na silinda, gasketi ya chini ya silinda, na vali ya kupunguza mgandamizo kama mashine yako inayo.

Kipimo cha uhakika ni cha presha. Toa sailensa ya moshi na kabureta, ziba milango yote miwili kwa vipande vya mpira vilivyobanwa na bamba. Shusha pistoni hadi chini kabisa, kisha ingiza hewa kupitia tundu la plagi kwa pampu ya mkono yenye geji, mpaka bar 0.5. Ikae hapo angalau sekunde 20. Ikishuka, paka maji ya sabuni kila kiungo na utafute povu. Kisha geuza pampu ivute hewa, nayo bar 0.5. Wengi huruka hatua hii ya pili, na ndiyo inayokamata sili mbovu: presha ya ndani huikandamiza midomo ya sili kwenye kranki, lakini mvuto huinyanyua.

Unapoweka sili mpya, funga plastiki nyembamba kwenye ncha ya kranki, maana ukingo wa njia ya kii (kipande cha chuma kinachoshikilia flaiwili) hukata mdomo wa sili kabla hata hujamaliza kuusukuma. Paka grisi kidogo ndani ya mdomo.

Kabla ya kufunga, chungulia silinda kupitia mlango wa egzosi. Ukiona michirizi ya kijivu, jaribu kwa ukucha. Mara nyingi si silinda iliyochimbika, ni alumini ya pistoni iliyoganda juu ya kromu, utando mgumu wa ndani ya silinda. Fungua silinda kabisa, vaa glavu na miwani, kisha gusa michirizi kwa pamba yenye kostiki soda iliyoyeyushwa kwa maji. Itatoa povu. Futa, rudia, mpaka povu likome, halafu osha kwa maji mengi, kausha, paka oili. Povu likiendelea sehemu moja ilhali mchirizi umeshaisha, kromu imetoboka na dawa inakula silinda yenyewe. Hiyo ni ya kutupa. Usitumie asidi ya haidrokloriki kwenye silinda ya kromu, kwa sababu inaila kromu pamoja na alumini. Pistoni na ringi weka mpya.

Ukiiwasha tena, kama huna oili maalumu ya mwenye kiwanda, changanya ml 40 za oili ya 2T (ya injini za kuchanganya oili na petroli) kwa kila lita ya petroli.

Mnyororo wa mashine niliyorithi hauna alama yoyote. Nitanunuaje mwingine? (Msomaji, Eldoret)

Pima kutoka katikati ya riveti ya kwanza hadi katikati ya riveti ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Ukipata karibu mm 10.3, huo ni wa inchi 0.404, na tupa yake ni ya mm 5.5. Ukipata mm 9.3, ni wa 3/8, tupa mm 5.2. Ukipata mm 12.7, ni wa nusu inchi wa mashine za giaboksi. Huo utautafuta sana. Pima pia unene wa meno yanayoingia kwenye mfereji wa baa (bamba refu linalobeba mnyororo), na uhesabu meno hayo. Na kumbuka mashine nyingi za umri huo hazina breki ya mnyororo.

Ninaishi Tanga. Krankikesi ya chensoo yangu inatoa unga mweupe. Nipige msasa kwa grainda, nipake rangi?

Weka grainda chini. Dondoshea tone la siki mahali penye chuma kitupu: likitoka povu papo hapo, hiyo ni magnesiamu, na vumbi lake linashika moto. Moto wake hauzimwi kwa maji. Tumia mchanga mkavu. Chumvi ya hewa ya pwani ndiyo inayoila. Ondoa rangi kwa dawa ya kuondolea rangi, sugua unga kwa mkono kwa msasa wenye maji, osha, kausha kabisa, kisha paka siku hiyohiyo praima ya epoksi na rangi ya mchanganyiko wa vitu viwili; rangi ya kawaida huyeyushwa na petroli. Skurubu zipake grisi, na usiweke za chuma kisichoshika kutu, kwani huharakisha kuliwa kwa magnesiamu. Kama rangi ya kiwandani ingali imeshika zaidi ya nusu, iache, ushughulikie mabaka tu.