Wadi Shab na familia: nenda, ila wagawe mapema

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kuwapeleka Wadi Shab, lile korongo lenye madimbwi huko Oman, mke, watoto wawili na mama mkwe, na katika wote hao ajuaye kuogelea ni wewe peke yako: nenda. Ila amua mapema nani ataishia wapi.

Kutoka Muscat ni kama kilomita 150 kwa barabara kuu ya Sur, mpaka kijiji cha Tiwi. Gari mnaliegesha chini ya daraja, boti ndogo inawavusha kwa riali moja kwa kichwa, kwenda na kurudi. Kisha mguu, dakika 45 hivi: kwanza kwenye mitende na migomba, baadaye miamba mitupu, na kuna mahali unapita ukingoni mwa genge. Malapa hayafai. Mama mkwe, kama magoti yanamsumbua, mwacheni kwenye mitende na chupa ya kahawa. Maji ya kijani atayaona palepale. Tende azifiche tu, mbuzi wa huko hawana haya.

Njia inapokwisha ndipo mnaingia majini. Madimbwi yamefuatana, pengine unatembea, pengine maji yanakupita kimo. Mwisho kuna ufa kwenye jabali, unatosha kupitisha kichwa tu, na ng'ambo yake pango lenye maporomoko ya maji ndani. Pazuri mno, lakini hamna pa kukanyaga, na siku za Ijumaa watu hubanana kwenye ufa ule. Watoto wasivuke dimbwi la kwanza, hata wakiwa na maboya. Kama wanataka kuchezea maji tu, shimo la maji la Bimmah liko njia hiyohiyo, lina ngazi mpaka chini. Kote huko ogeleeni na fulana na kaptula ndefu; mashamba yale yana wenyewe.

Sasa mvua. Jua la Tiwi lisikudanganye, uliza habari za milima ya Hajar. Mawe yale hayanywi maji. Ikinyesha huko juu, yote yanateremkia korongoni na nyinyi mmekauka. Aprili 2024, mkoa wa Sharqiyah Kaskazini hukohuko Oman, mafuriko ya wadi, yaani ya makorongo kama haya, yaliua watu, wakiwemo watoto wa shule. Ikitolewa tahadhari, bakini nyumbani mkaange vitumbua.

Na kabla hamjavuka, muulizeni mwenye boti anafunga saa ngapi.