Injini ikizima ukishapaa, usigeuze kurudi uwanjani

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili na moyo unaenda mbio. Unauliza ujiandae vipi na dharura za angani kabla ya solo yako, yaani kuruka peke yako, wiki ijayo pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, saa ngapi za simyuleta (mashine ya kuigiza urukaji) zinatosha, redioni useme nini. Halafu katikati umechomeka, kama kitu kidogo tu, kwamba rubani mmoja mzoefu kakwambia injini ikizima baada ya kupaa ugeuze haraka urudi kwenye runwei.

Usigeuze. Huyo aliyekwambia hivyo ni pacha wa yule aliyeniambia mimi.

Nilikuwa na saa 41 za kuruka, niko peke yangu, kwenye Cessna 172 ya zamani ya kabureta. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi nikakinga mafuta chini ya bawa ili nione kama yana maji, nikainua kikombe juani, nikaona safi kabisa, hayana hata unyasi. Yalikuwa maji matupu. Mafuta ya 100LL, petroli ya ndege ndogo kama ile, yana rangi ya buluu na maji hutuama chini yake, kwa hiyo ukikinga kidogo unaweza kupata kikombe kizima cha maji na usione mstari wowote wa kukushtua. Tafuta buluu, nusa, na usipoiona kinga tena. Ila kosa hilo peke yake lingeishia shambani bila mkwaruzo.

Kama futi 400 kutoka ardhini injini ikakohoa, ikashika kidogo, ikafa. Mbele yangu kulikuwa na shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, refu na tambarare. Nililiona. Hadi leo nayakumbuka yale mabua yaliyolala. Na bado mikono ikapindisha usukani kushoto, kwa sababu maneno niliyolishwa kantini ni "runwei iko nyuma yako hapo hapo, wewe pinda tu." Nikailaza ndege. Runwei ikatokea dirishani, ipo mbali, ipo pembeni. Nikavuta pua juu ili nifike. Filimbi ya bawani inayoonya kwamba bawa linakaribia kuacha kubeba ikaanza, ule mlio mwembamba kama mtoto anapuliza jani, kisha bawa la kushoto likaacha kubeba, likaanguka.

Nilisukuma usukani mbele nikiwa nimeshachelewa. Bawa liligonga kwanza, na naamini kukunjika kwake ndiko kulikoniokoa. Mlango wangu ulijipinda ukagoma, mchungaji mmoja akanitolea upande wa pili. Pingili mbili za mgongo, miezi mitano ya kulala chali, na mama yangu akiuza shamba lake la Njombe ili nitibiwe. Hapo ndipo inaponiuma zaidi.

Sasa fanya hesabu ambayo hakuna aliyenifanyia. Kugeuka nyuzi 180 hakukurudishi kwenye runwei, kunakuweka sambamba nayo, umbali wa mamia ya mita pembeni. Inabidi uzidi kugeuka, kisha ugeuke tena upande wa pili ili uipate. Ukijibana ulale nyuzi 45, ndege iliyokuwa inaacha kubeba kwenye noti 50 (noti ni kipimo cha mwendo) sasa inaacha karibu na noti 60. Ukilala nyuzi 60 ni noti 70. Nawe bila injini unateleza kwa noti 65, mkuu! Na upepo uliokuwa usoni wakati wa kupaa sasa unakusukuma mgongoni, ardhi inakimbia, jicho linakudanganya kwamba una mwendo wa kutosha, nawe unazidi kuvuta. Wilson nayo iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, saa sita mchana hewa nyepesi, ndege inapanda kwa kujikokota.

Mwalimu wangu simsamehe. Alinifundisha injini kuzima zaidi ya mara kumi, na kila mara ni pale pale, futi 3,000, juu ya uwanja ule ule wa mpira, baada ya kusema "haya, jiandae." Yale hayakuwa mafunzo ya dharura, alinikaririsha tu. Hakuna hata siku moja aliponipunguzia nguvu ya injini ghafla wakati tunapanda, pua ikiwa juu na akili yangu ikiwa kwenye redio. Ndege ya abiria iliyotua mto Hudson, New York, mwaka 2009, ilipojaribiwa baadaye kwenye simyuleta, baadhi ya marubani waliogeuka papo hapo waliufikia uwanja. Jaribio lililoongezwa sekunde 35 za mtu kushtuka na kufikiri lilishindwa. Kwenye 172 ikiwa futi 400, sekunde nne tu za kushangaa zinakumalizia mwendo wote.

Kwa hiyo kila unapojipanga kwenye runwei, kabla ya kuachia breki, sema kwa sauti, hata ukiwa peke yako: "Ikizima nikiwa bado chini, navuta nguvu ya injini nyuma, breki, nabaki hapa. Ikizima nimepaa, chini ya futi 1,000, pua chini, noti 65, natua mbele, kulia au kushoto nyuzi 30, basi." Pua chini ndiyo ya kwanza, kabla ya redio, kabla ya chekilisti. Muda ukiwepo funga mafuta, zima magineto (umeme wa kuwasha injini), na ufungue mlango kabla ya kugusa ardhi. Wangu ulikuwa umefungwa. Wilson upande mmoja una mbuga na upande mwingine nyumba za watu, kwa hiyo leo hii tembea, angalia kwa macho yako kila mwisho wa runwei una nafasi gani ya kutua.

Kesho mwambie mwalimu wako mpande hadi futi 4,000 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Weka mwendo wa kupanda, yeye apunguze nguvu ya injini bila kukuonya, hesabu sekunde nne bila kufanya kitu, kisha mgeuke mpaka mtazame mlikotoka. Soma saa ya kimo mlipoanza na mlipomaliza. Akikataa, tafuta mwalimu mwingine, hata kama solo itasogea mwezi mzima. Ukipata hiyo namba ya futi mlizopoteza, iandike hapa, na umpelekee huyo mzoefu wako aisome.